Chanda Chema na Gitaa Zuri

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii yamhusu mtu asimamaye ukingoni mwa shamba asubuhi nzima, akilaumu mpini, akilaumu bapa, akitamani jembe la jirani, mpaka jua limkute utosini na ardhi haijaguswa bado. Lakini mtu huyo hapatikani shambani tu. Yumo katika kila kazi ambayo mkono hutumia chombo. Katika muziki yumo tele, na siku hizi pengine amezidi, kwa maana maduka ya vyombo hayangoji tena mnunuzi ayaendee: yamo ndani ya simu, nayo humfuata kijana hata kitandani pake. Mwanafunzi aliyeanza gitaa mwezi uliopita aweza leo kutaja aina ishirini za magitaa, kueleza tofauti ya mbao zake, na kubishana juu ya spika na visanduku vya kukanyaga kwa mguu vigeuzavyo sauti. Lakini akiombwa apige wimbo mmoja tangu mwanzo hata mwisho, hujibu kwamba gitaa alilo nalo halifai.

Je, ni kweli kwamba halifai? Na kama chombo kina thamani yake, ambayo hakika kinayo, basi mahali pake ni wapi: mbele ya mazoezi au nyuma yake? Swali hili huonekana dogo, lakini hula fedha za wazazi na miaka ya ujana, navyo ni vitu viwili ambavyo havina wingi. Ili tulijibu kwa haki hatuna haja ya kwenda mbali. Nchi ya Kericho, iliyo maarufu kwa chai, ina habari yake katika historia ya muziki, na habari hiyo yatosha kutufundisha.

Kericho iko katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake hunyesha karibu mwaka mzima. Ni nchi ya Wakipsigis, pamoja na Bomet iliyo upande wa kusini. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Waingereza yalianza kulima chai huko katika mashamba mapana, na mashamba hayo yalihitaji mikono mingi. Watu walitoka Nyanza, walitoka Kisii, walitoka kwa Waluhya, wakaja kuchuma majani na kukaa katika kambi za wafanyakazi. Kila kundi lilikuja na lugha yake, chakula chake na nyimbo zake.

Nyimbo hizo zilikuwa na vyombo vyake, na ni ajabu jinsi vyombo hivyo vilivyofanana. Wakipsigis walikuwa na kinubi chao kiitwacho chepkong. Waluo walikuwa na nyatiti yenye nyuzi 8. Wakisii walikuwa na obokano, nayo ina nyuzi 8, ila ni kubwa zaidi na sauti yake ni nzito kama ngurumo ya mbali. Vyote ni vya ukoo mmoja: chungu cha mti kilichowambwa ngozi, miti miwili iliyosimama kama pembe, mti wa tatu uliolala juu yake, na nyuzi zilizotandwa katikati. Mpiga nyatiti huketi chini, huvaa pete ya chuma katika kidole cha mguu, na kwa pete hiyo hugonga chombo apate mapigo, huku vidole vya mikono vikitembea juu ya nyuzi na kinywa kikiimba. Mtu mmoja hufanya kazi ya watu watatu. Kazi ya namna hiyo hainunuliki. Hupatikana kwa kukaa miguuni pa anayejua, kusikiliza sana, na kurudia jambo lile lile hata mwili ulijue pasipo kuulizwa.

Tena tukumbuke kwamba vinubi hivyo vilitengenezwa kijijini, kwa mti na ngozi na nyuzi zilizopatikana kijijini. Uzi ukikatika, mpigaji aliutafuta mwingine na kuutanda mwenyewe. Ngozi ikilegea, aliiota motoni au aliianika juani. Alikijua chombo chake kama mchungaji ajuavyo mifugo yake. Hakuwa mtu asiyejali vyombo, alivijali mno. Lakini kujali kwake kulikuwa na mpaka, kwa sababu chombo kikiisha kulia vizuri hapakuwa na la kufanya tena ila kukipiga.

Basi katika nchi hiyo ya vinubi gramafoni iliingia, na pamoja nayo santuri za ng'ambo. Miongoni mwa santuri hizo zilikuwamo za mwimbaji mmoja wa Marekani, jina lake Jimmie Rodgers. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Mississippi. Alifanya kazi za reli kwa miaka mingi, akapatwa na kifua kikuu, na kazi ikamshinda. Alikuwa na gitaa, na sauti ambayo aliweza kuirusha ghafula kutoka chini hadi juu kama mtu aitaye kutoka kilima hata kilima. Tarehe 4 Agosti, 1927, alitia sauti yake katika santuri kwa mara ya kwanza, katika mji wa Bristol. Alifariki tarehe 26 Mei, 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Na katika siku zake za mwisho za kuimba, alilazimika kujilaza kitandani ndani ya studio baina ya wimbo na wimbo. Hakuwahi kufika Afrika. Lakini sauti yake ilifika hata kwa Wakipsigis, nao wakalitamka jina lake kwa ulimi wao: Chemirocha.

Mwaka 1950 mtafiti mmoja aitwaye Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi hiyo hiyo ya Kericho. Tracey alikuwa Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, na kazi yake kubwa maishani ilikuwa kuzunguka na kunasa nyimbo za Waafrika kabla hazijasahauliwa. Pale Kapkatet alinasa nyimbo zenye jina hilo la Chemirocha. Mojawapo iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, huku kinubi kikilia nyuma yao. Tracey aliandika kwamba katika fikira za waimbaji Chemirocha alikuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu mnyama, mwimbaji na mchezaji asiye na mfano. Wimbo wenyewe ni mfupi, na sauti za wasichana ni nyepesi kama umande. Lakini tangu mwaka ule hata leo umesikilizwa katika mabara yote, na wapo wengi wauhesabuo kuwa mmoja wa nyimbo nzuri kupita zote alizozinasa Tracey.

Hapa yatupasa tusimame kidogo tutafakari. Wasichana wale walimsikia mtu apigaye gitaa. Sauti ile iliwashangaza na kuwapendeza. Je, walifanya nini? Hawakukaa wakingoja gitaa lije. Hawakusema kwamba bila chombo cha Rodgers wimbo hauwezekani. Walichukua sauti zao na kinubi cha kwao, wakaufanya ule mshangao kuwa wimbo. Wala wimbo huo haukuwa mwigo wa Rodgers. Hakuna asikiaye Chemirocha akadhani kwamba asikia Marekani. Ulikuwa wimbo wa Kikipsigis, uliotungwa na watu waliozoea kuimba pamoja. Walichokosa kilikuwa gitaa, na walichokuwa nacho kilikuwa mazoea. Historia imetuonyesha ni kipi kati ya viwili hivyo kilichohitajiwa zaidi.

Msomaji aweza kusema: "Lakini Rodgers mwenyewe alikuwa na gitaa la fahari." Naam, alikuwa nalo. Mwaka 1928 kampuni ya Martin ya Marekani ilimtengenezea gitaa la thamani kubwa, na jina lake likaandikwa kwa lulu juu ya shingo yake. Nyuma ya gitaa palichorwa neno la shukrani, ili alipoligeuza mbele ya watu wapate kulisoma. Ni chombo kizuri mno. Ila tuutazame mwaka. Wimbo uliompa Rodgers umaarufu aliuimba mwezi wa Novemba, 1927. Gitaa la lulu lilikuja mwaka uliofuata, baada ya santuri kuuzwa kwa wingi. Gitaa halikuzaa wimbo. Wimbo ndio uliozaa gitaa. Waswahili walilisema jambo hili zamani kwa maneno manne tu: chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kwamba pete hukifanya chanda kuwa chema.

Mfano wa pili wa jambo hilo watoka mbali, lakini una uhusiano na bara letu. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliuza magitaa ya bei nafuu yaliyoitwa Gallotone. Moja la magitaa hayo lilivuka bahari likaangukia mikononi mwa kijana wa Liverpool, Uingereza, aitwaye John Lennon. Tarehe 6 Julai, 1957, akiwa na umri wa miaka 16, alilipiga gitaa hilo katika sherehe ya kanisa pale Woolton, akitumia namna ya kushika nyuzi ambayo mama yake alimfundisha kwa kufuata banjo. Hata upigaji wenyewe haukuwa sahihi. Lakini siku hiyo alikutana na Paul McCartney, na wawili hao baadaye walikuwa msingi wa kundi la Beatles. Mwaka 1999 gitaa lile la bei nafuu liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 140,000. Je, mbao zake zilikuwa zimebadilika? Hasha. Magitaa mengine yaliyotoka pamoja nalo hayakupata bei hiyo. Thamani yake ilitiwa na vidole, na mtu aliyelinunua alinunua kumbukumbu ya vidole hivyo.

Turudi kwetu. Gitaa liliingia Afrika ya Mashariki kwa njia nyingi: bandarini, madukani, na hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia vilivyokwisha mwaka 1945, askari waliporudi nyumbani na mambo mapya waliyoyaona ng'ambo. Miongoni mwa waliokuwa jeshini alikuwamo Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani ya Kenya, ambaye huhesabiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Kutoka Katanga zilikuja santuri za Jean-Bosco Mwenda, ambaye Tracey alimnasa mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, uitwao sasa Likasi. Mwenda alipiga gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, na mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu: gumba na cha shahada. Kwa vidole hivyo viwili alifanya msikilizaji adhani kwamba wapigaji ni wawili. Mwaka 1959 alikuja Nairobi akakaa miezi kadhaa, na vijana wengi wa Kenya wakajifunza kwake, wengine kwa macho na wengine kwa masikio. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, David Rycroft, aliandika uchambuzi mrefu wa upigaji wake katika jarida la muziki wa Kiafrika mwaka 1961 na 1962. Alichochambua ni mwendo wa vidole, si gitaa.

Vijana wale waliomwiga Mwenda hawakuwa na fedha, lakini hawakukosa akili. Asiye na gitaa alitengeneza la debe, akalitia nyuzi zilizotolewa katika breki za baiskeli. Aliyeona kwamba sauti yake ni ya juu kuliko gitaa lilivyotengezwa, alichukua penseli akaifunga kwa uzi juu ya shingo ya gitaa, na nyuzi zote zikapanda kwa pamoja. Asiye na ngoma alimpa mwenzake chupa ya soda yenye mikunjo na kipande cha chuma cha kuikwaruza, na mapigo yakapatikana. Penseli, chupa na waya wa breki ni vyombo vidogo, lakini tuangalie jinsi vilivyopatikana. Hakuna aliyevitafuta kabla ya kujua kazi yake. Mpigaji alikuwa kwanza ameimba, akaona kwamba sauti yake haikubaliani na nyuzi. Haja ikamjia, na penseli ikaijibu haja. Chombo kilikuja kwa kuitwa.

Sasa ni haki tusikilize upande wa pili, kwa maana methali ya jembe haikusema yote. Mkulima hasa hulijua jembe lake. Jembe butu humchosha bure, na mpini uliopasuka humtoa malengelenge. Vivyo hivyo gitaa ambalo nyuzi zake zimeinuka mno juu ya shingo humuumiza mwanafunzi vidole hata aache; na gitaa lisiloshika sauti huharibu sikio lake, kwa kuwa hujifunza uongo akidhani ni kweli. Si uvivu kutaka chombo kinachofanya kazi yake. Hata wimbo wa Chemirocha tusingeusikia leo kama Tracey angekwenda Kapkatet mikono mitupu. Alikwenda na gari lenye mashine nzito za kunasia sauti, na alizithamini. Lakini hata yeye hakutegemea mashine peke yake. Alikishika kipaza sauti kwa mkono, akakisogeza karibu na mwimbaji au na chombo kwa kadiri sikio lake lilivyomwambia, na sikio hilo lilikuwa na miaka ya kusikiliza nyuma yake. Mpe mtu asiyejua kusikiliza mashine iliyo bora kuliko ile, naye atanasa upepo.

Wala kupokea chombo kipya si kosa. Wakipsigis wenyewe walilipokea gitaa, na mmoja wao, Kipchamba arap Tapotuk, pamoja na bendi yake ya Koilonget, alilifanya lizungumze Kikipsigis hata akawa maarufu kote katika nchi ya Wakalenjin. Mjini Kericho kampuni ya A. P. Chandarana ilikuwa na duka na studio, ikatoa santuri za wapigaji wa Kikalenjin, wa Kiluo na wa makabila mengine ya magharibi. Hivi mji wa chai ukawa pia mji wa santuri. Na Waluo walipolishika gitaa la umeme hawakuitupa elimu ya nyatiti. Waliihamisha. Mpiga gitaa wa benga huzidonoa nyuzi moja moja kwa haraka, kama mpiga nyatiti azidonoavyo, na ndiyo maana benga haikufanana na muziki wa nchi nyingine ingawa magitaa yalikuwa yale yale. Chombo kilitoka ng'ambo, mkono ulitoka nyumbani. Mkono ambao haukujua kitu usingekuwa na cha kuhamisha.

Kwa hiyo jibu la swali letu si kwamba vyombo havina maana, wala si kwamba mwenye gitaa bora ni mvivu. Jibu ni la utaratibu. Mazoezi hutangulia, haja hufuata, na chombo huja mwisho kuijibu haja. Utaratibu huo ukifuatwa, kila kinachonunuliwa hutumika. Utaratibu ukipinduliwa, yaani chombo kikatangulia, basi chombo kimoja huzaa tamaa ya cha pili, na cha pili cha tatu. Kwa kuwa mtu aliyenunua akitarajia ustadi, naye ustadi asiuone, hudhani kwamba alikosea duka. Hurudi kuchagua tena. Miaka hupita akiwa mjuzi wa bei na mgeni wa nyimbo.

Ziko sababu za kuvutwa na tamaa hiyo, na yafaa tuzijue ili tusimdharau mwenzetu aliyenaswa. Kununua ni kazi ya saa moja, na furaha yake huja mara moja. Mazoezi ni kazi ya miaka, na furaha yake huchelewa. Tena mwanzoni huleta aibu, kwa maana mwanafunzi husikia kwa masikio yake makosa ya vidole vyake. Mtu hukimbia aibu hiyo akajificha dukani, ambako hapana akosoaye. Pia kuzungumza juu ya vyombo hufanana na kuujua muziki, kama vile kuzungumza juu ya vitabu hufanana na kuvisoma. Lakini kufanana si kuwa.

Kijana wa Kericho anao mwalimu wa jambo hili mlangoni pake, nao ni mchai wenyewe. Mchai ukiachwa bila kuchumwa hauzidi kuwa bora. Huinuka ukawa mti, majani yake yakakomaa, nao usifae tena kwa chai nzuri. Mchai hutoa majani laini kwa sababu watu huurudia kila baada ya siku chache, mwaka mzima, mvua iwepo au jua liwake. Mchumaji naye hutwaa majani mawili na chipukizi lake, wala si zaidi. Na vidole vyake vimezoea hata hachagui tena kwa macho. Chombo chake ni kikapu. Hakuna aliyewahi kuwa mchumaji hodari kwa kubadilisha vikapu, ingawa kikapu kilichotoboka lazima kishonwe.

Basi kijana na ajipimie kwa kipimo hicho. Akiwa na gitaa linaloshika sauti, na nyuzi zisizomkata vidole, anacho kikapu kizima. Na alirudie gitaa lake kila siku, ijapokuwa kwa nusu saa, kuliko kulishika kwa siku nzima mara moja kwa mwezi. Na achague nyimbo chache azijue hata mwisho wake, badala ya kujua mianzo ya nyimbo mia. Na atafute wenzake wa kupiga pamoja nao, kwa maana wasichana wa Kapkatet hawakuimba mmoja mmoja vyumbani. Akisikia moyoni mwake, "Nahitaji kitu kipya," na ajiulize: ni wimbo gani niujuao kwa vidole ambao chombo changu kinanizuia kuupiga? Akiweza kuutaja wimbo huo, ameipata haja ya kweli, na mzazi wake anaweza kuisikiliza siku malipo ya ziada ya chai, yaitwayo bonasi, yanapofika mwisho wa mwaka wa chai. Asipoweza kuutaja, na arudi mazoezini. Haja bado haijazaliwa. Fedha ya bonasi ni majani yaliyochumwa kwa mkono wa mtu mwingine, mara nyingi mkono wa mama, naye anastahili kuona kwamba mkono wa mwanawe nao unafanya kazi.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Nyimbo alizozinasa Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini, ambayo baadaye ilihamia katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Huko zilikaa salama kwa muda mrefu, mbali na wenyewe. Mwaka 2015 habari zilienea duniani kwamba nakala za nyimbo hizo zimerudishwa kwa Wakipsigis, kwa juhudi za maktaba hiyo pamoja na wanamuziki wa Kenya, na kwamba baadhi ya wazee walisikiliza tena sauti za ujana wao baada ya miaka 65. Ni tendo jema lililostahili kufanyika.

Lakini tusidanganyike. Sauti iliyohifadhiwa si muziki unaoishi, kama vile gitaa lililotundikwa ukutani si muziki unaoishi. Vinubi vya zamani vyaweza kuwekwa katika nyumba ya makumbusho, vikapanguswa vumbi kila wiki, wala visitoe hata mlio mmoja. Wapigaji wa chepkong wamepungua sana, na kila anayefariki bila mwanafunzi huzika pamoja naye vidole ambavyo duka lolote duniani haliwezi kuviuza. Uhaba ulio hatari kwetu si uhaba wa vyombo. Vyombo vimejaa, na kesho vitazidi. Uhaba ulio hatari ni wa watu wanaokubali kukaa chini, kurudia, kukosea, na kurudia tena mpaka wimbo ukae mkononi.

Miti ya kutengenezea kinubi ingalipo Kericho, na magitaa yapo mjini. Wasichana wa Kapkatet hawakuuliza ni kipi bora kati ya viwili hivyo. Waliimba, nasi twawajua kwa sababu waliimba.